Taa Iliyozidi

Mume wangu anafanya kazi gizani, na tangu Mgeni aje, giza lile limeninyima usingizi.

Giza lenyewe ni la kazi, sikatai. Chumba cha darubini hakina dirisha, na juu ya mlango kuna taa nyekundu ambayo ikiwaka haingii mtu, awe Mkuu wa maabara au malaika. Ndani wanakaa wawili tu: anayeendesha darubini na mwenye seli zake. Anayeendesha ni mume wangu. Jengo zima linamwita Popo, na ameshazoea kiasi kwamba ukimwita kwa jina lake halisi anageuka kumtafuta anayeitwa. Zamani mwenye seli nilikuwa mimi. Tulikaa bega kwa bega kwenye vile viti virefu, tukitazama chembechembe nyeupe za damu zikitambaa juu ya kioo, na kwa kuwa chembechembe hazina haraka, tulikuwa na muda wa kuongea. Tuliongea mpaka tukaoana. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mle ndani ni kazi tu. Najua watu wawili wanaweza kuambiana nini taa nyekundu ikiwaka.

Mgeni, msichana wa watu, alikuja na shahada yake mbichi na kicheko ambacho kinapita kwenye kuta. Ameshakaa nasi muda wa kutosha kuitwa jina jingine, lakini jina limemganda. Siku ya kwanza aliniamkia vizuri, shikamoo dada, kichwa kimeinama, nami nikampenda. Siku ya pili nilipita mbele ya chumba cha darubini nikaona viatu vyake mlangoni. Vyekundu, vimepangwa sambamba, visigino vinatazama ukuta.

Kuvua viatu ni sheria ya Popo. Kisigino kikigonga sakafu, mtikisiko unafika kwenye darubini na picha inacheza. Najua, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza kuambiwa nivue. Aliniambia hivyo kwa sauti ya chini, akanitafutia na soksi. Nikasimama pale koridoni na mafaili yangu, nikivitazama vile viatu. Je, na yeye alitafutiwa soksi?

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kunusa. Jioni Popo akivua shati, nalichukua eti nalipeleka kwenye nguo chafu, na njiani nalipitisha puani. Halikuwahi kunuka chochote zaidi ya spiriti ya kusafishia lenzi. Binti yetu alinikuta, akasema, "Mama, unamnusa baba kama mbwa wa polisi." Nikamwambia akafanye hesabu zake.

Simu nayo nikaifanyia kazi. Umefika? Uko wapi? Na nani? Mbona hujibu? Mwanzoni Popo alikuwa anajibu kwa sentensi nzima, na mzaha juu. Baadaye yakabaki maneno mawili. Baadaye likabaki moja. Akija nyumbani, nakaa mbele yake wakati anakula, namtazama anavyotafuna, nikitafuta katika uso ule kitu ambacho hakikuwepo jana. Anainamisha kichwa, anamaliza chakula, ananishukuru, anakwenda kuoga. Hata bafuni nilikuwa natega sikio kama anaimba.

Kisha zikaja Jumamosi. Hapo awali Jumamosi ilikuwa ya kwetu, ya kufua na kulala mchana. Sasa anachukua funguo zake asubuhi, anasema seli hazijui wikendi, anaondoka. Nilimuuliza mlinzi wa pale getini, kwa njia ya salamu tu, nani mwingine huwa anakuja Jumamosi. Akasema hakuna, mama, ni mzee peke yake. Nikamwambia asante, na njia nzima nikawa nawaza Popo amemnunulia soda ngapi yule mlinzi ili aseme vile.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu kisa hiki kiko ndani yake. Ukijikata kisu jikoni, pale mahali panavimba, panakuwa pekundu, panapata joto. Hicho ni kilio cha nyama. Nyama iliyoumia inatoa kemikali, sisi tunaiita harufu, na chembechembe nyeupe zinazopita ndani ya mshipa wa damu zinaisikia. Zinasimama, zinajibana, zinapenya kwenye ukuta wa mshipa na kutambaa mpaka kwenye kidonda. Hazina macho wala miguu, ila hazipotei. Zinakuja kupigana, na kwa kawaida vita vikiisha zinakufa au zinaondoka. Lakini zipo ambazo haziondoki. Hizo zinaendelea kupigana wakati adui hayupo tena, na zinaichoma nyama ileile ziliyokuja kuilinda. Hayo ndiyo niliyosomea, nikazeekea humo.

Mgeni yeye ni wa saratani. Kidonge cha saratani, yaani uvimbe wenyewe, kikikaa mahali pamoja, daktari wa upasuaji anaweza kukitoa. Balaa linaanza pale seli zake zinapojiondoa, moja moja, zikaingia nyama ya jirani, zikafika kwenye mshipa, zikasafiri. Kila mtu anajua zinasafiri. Mgeni akaja na neno kwamba zile seli zake nazo zinasikia harufu ileile ya kidonda, harufu yangu, na ndiyo inayoziita zitoke. Kama ni kweli, basi huenda ipo njia ya kuziziba pua. Mkuu wetu, mama mtu mzima asiyecheka ovyo, alipoona picha za kwanza alipiga kofi juu ya meza. Mimi niliyeishi na harufu hiyo nusu ya umri wangu sikuwahi kupigiwa meza.

Kwa hiyo alikuwa na mume wangu na alikuwa na harufu yangu. Nilikuwa nameza mate machungu nikimpongeza.

Ila maabara yetu ina desturi moja, na mimi ndiye mlinzi wake. Hakuna jambo linalotoka nje ya milango yetu kabla halijarudiwa kwa mkono mwingine. Aliyegundua anakaa pembeni, mwingine anafanya upya kuanzia mwanzo, na wa kurudia kwa miaka hii yote ni mimi. Mkuu alinikabidhi kazi ya Mgeni mbele ya watu wote. Mkataba wa Mgeni ulikuwa unaisha, na Mkuu alisema waziwazi kwamba likithibitika atabaki, lisipothibitika hana cha kumbakizia. Mgeni alinitazama akatabasamu, tabasamu la mtu anayekuaminia roho yake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumfungia mizigo kichwani. Akiondoka yeye, viatu vitaondoka mlangoni, na Jumamosi yangu itarudi.

Nilianza na sahani tupu. Sahani yenyewe ni ndogo kama kiganja cha mtoto, ina visima viwili, na katikati mfereji mwembamba ambamo tunapanga vidonge vya seli za saratani. Kwa kawaida harufu inatiwa kisima kimoja, na seli zikitoka kwenye kidonge kuelekea huko, unasema zimeitwa. Kwenye sahani tupu huweki harufu popote. Seli zinatakiwa zitulie. Zikitoka hata hapo, basi harufu haihusiki, zinatoka kwa kiranga chao, na maneno yote ya Mgeni yamekwenda na maji.

Sikumtaka Popo chumbani. Nilimwambia amfuate binti shuleni, darubini nitaendesha mwenyewe, sijasahau. Akanitazama kidogo, akachukua koti lake bila neno. Nikavua viatu, nikaviweka mlangoni kwa makusudi, nikawasha taa nyekundu. Nikachagua kidonge kimoja kizuri, nikakiweka katikati ya jicho la darubini. Sikutaka seli hata moja itoroke bila mimi kuiona. Nilifungua taa ya darubini mpaka mwisho na nikaiamuru kamera ipige mfululizo bila kupumzika. Nikawaza, leo tutaona.

Asubuhi nilikuta kidonge hakipo. Namaanisha hakikuwa kidonge tena. Seli zimetawanyika, zimetapakaa kwenye mfereji mzima kama punje mtu alizozimwaga. Kompyuta ikahesabu zilizotoka: karibu zote. Na harufu haikuwepo hata tone. Nilicheka peke yangu mle gizani, kicheko chenye sauti, mpaka nikajiziba mdomo. Nikapeleka hesabu kwa Mkuu kabla hata sijanywa chai.

Mkuu hakufurahi. Alivua miwani akaifuta muda mrefu, akasema Mgeni aitwe. Mgeni alisikiliza akiwa amesimama. Nilitegemea atalia, na nilikuwa nimejiandaa kumpa kitambaa changu na maneno ya kidada. Hakulia. Alisema, "Dada, naomba nizione picha zenyewe. Siyo hesabu. Picha."

Ilikuwa haki yake. Tukaenda chumba cha darubini, tukavua viatu wote wawili, vyake vyekundu karibu na vyangu. Popo alikuwa kwenye kiti chake. Nilikaa upande wake wa kulia, Mgeni akabaki nyuma, na mimi sikutazama picha kwanza, nilitazama kama Popo atageuka kumtazama yeye. Hakugeuka. Alizipitisha picha mwanzo mpaka mwisho, akazirudisha, akazipitisha tena polepole. Kisha akaniuliza taa nilifungua kiasi gani.

Nikasema yote. Akauliza kuhusu kamera. Nikasema mfululizo.

Nyuma yangu nilisikia Mgeni akivuta pumzi, akainyamazia. Alikuwa ameshaelewa. Sahani yangu ilikuwa bado iko pale chini ya lenzi, Popo akashika kitasa kidogo cha pembeni akaisogeza kwa upole, akapita eneo nililolimulika, akafika kwenye kidonge kilichofuata ndani ya mfereji uleule. Kilikuwa duara, kimetulia, seli zake zimeshikana bega kwa bega. Hakuna hata moja iliyochungulia nje.

"Hiki cha jirani hukukitazama," akasema. "Kimekaa kwake."

Kila mwanafunzi anayeingia chumba kile, neno la kwanza analoambiwa ni kwamba taa inaunguza. Seli hai haijazoea mwanga. Ukiimulika kidogo na kwa vipindi, inaendelea na maisha yake nawe unaiona ilivyo. Ukiikazia taa kali bila kuipumzisha, inaumia, inanywea, inaachia wenzake, mwisho inakufa, na kabla ya kufa inafanya mambo ambayo si yake. Somo hilo wanafundishwa na mimi. Kuna karatasi ukutani, mwandiko ni wangu.

"Lakini zimetoka," nikasema. Sauti yangu haikupendeza hata masikioni mwangu.

"Zimetoka. Angalia njia zake sasa." Akaweka juu ya picha mistari inayoonyesha kila seli ilipopita. "Hii huku, hii kule, hii imerudi nyuma. Za Mgeni zote zilikwenda upande mmoja, kwa sababu zilikuwa na pa kwenda. Hizi hazikuitwa na kitu. Zimekimbia taa yako tu."

Mgeni alisema kwa adabu kwamba anatupisha, nikasikia anavaa viatu vyake nje, polepole, bila kugonga. Mlango ukafungwa. Tukabaki wawili kwenye viti virefu, kama zamani, na mimi badala ya kujisikia aibu nilijisikia hasira, kwa sababu alikuwa amenisahihisha mbele yake. Basi nikalisema.

"Na wewe Jumamosi unamfuata nani humu?"

Nilitaka agombe. Mtu anayegomba ana kitu cha kuficha, na ningejua pa kushika. Hakugomba. Alizima kioo cha kompyuta, chumba kikawa giza kabisa, uso wake sikuuona tena.

"Hakuna mtu humu Jumamosi. Nasikia hata mlinzi ulimuuliza."

"Sasa unafanya nini?"

"Nakaa," akasema. "Darubini haiwaki hata. Nakaa hapa kwenye kiti, siulizwi kitu, halafu narudi nyumbani. Simfuati mtu, mama."

Nasema kweli, ningependa zaidi anitajie jina. Mwanamke ningepambana naye, silaha ninazo na mdomo ninao. Ningemvua vile viatu vyekundu nikavitupa juu ya paa. Lakini nilikuwa nimekaa miezi nikipekua mashati kutafuta harufu ya anayemvuta, na ushahidi ninao mkononi siku zote, mlinzi kanipa bure: kisima kitupu, hakuna anayemwita, na mume bado anatoka. Mimi, mtu wa sahani tupu, niliiona nikaipita. Nilitaka kulia lakini nilijua atasikia, na sikutaka machozi yangu yawe swali jingine la kujibu. Nikashuka kwenye kiti, nikapapasa ukuta mpaka mlangoni.

Kwa Mkuu nilikwenda mwenyewe. Nikamwambia hesabu ile aitupe, taa nilizidisha, narudia. Aliniuliza mtu kama mimi nimewezaje kukosea hivyo. Nikamwambia nilikuwa na haraka ya kuona. Alinitazama juu ya miwani, akasema nirudie.

Nikarudia, safari hii Popo akiendesha na mimi nikikaa pembeni na mikono mapajani. Taa ndogo, picha kwa vipindi, na kati ya picha na picha hakuna wa kujua seli zinafanya nini. Ile hali ya kutojua iliniuma kimwili kabisa, kama kubanwa na mkojo. Kwenye sahani tupu vidonge vilitulia. Kwenye sahani yenye harufu, seli zilijiondoa moja moja na kufuata njia moja, mpaka ukingoni mwa kisima. Mgeni alikuwa sahihi. Mkataba wake umeongezwa, na siku alipoambiwa alikuja kunikumbatia, nikamkumbatia, nikamnusa pia. Sabuni ya kawaida. Bado simpendi. Viatu vyake nikivikuta mlangoni bado damu inanichemka, na nadhani hili litakwenda nami mpaka nistaafu.

Nyumbani nimejaribu kupunguza. Ni kazi ngumu kuliko watu wanavyofikiri. Simu naiweka kwenye droo ya vijiko, na kila nikitafuta kijiko nakutana nayo. Popo akila, nakaa jikoni, nasugua sufuria ambayo ni safi. Wiki nzima hakuna aliyesema lolote juu ya lile la gizani. Siku moja tu, akiwa amekaa sebuleni, nilimsikia anamsimulia binti jambo la kuchekesha kuhusu panya aliyeingia stoo ya maabara, na nikabana mlango wa jikoni kwa mguu ili nisitoke kuuliza stoo aliingia na nani.

Jana ikawa Jumamosi. Alitoka chumbani ameshavaa, funguo mkononi. Mimi nilikuwa naosha vikombe. Alisimama mlangoni akangoja. Nilijua anachongoja: unakwenda wapi, na nani, utarudi muda gani, mbona umevaa hilo shati. Yote yalikuwa yamepanga foleni ulimini. Nikasuuza kikombe.

"Natoka," akasema.

"Haya, baba."

Hakutoka. Alisimama pale kwa muda ambao nilioshea vikombe vyote na sahani moja. Kisha nikasikia mlango, na nyayo zake kwenye kokoto za uani.

Dirisha la sebuleni linatazama njia. Nilifika pale kabla sijajua kwamba nimeondoka jikoni, mikono inachuruza maji, nikashika pazia. Binti aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake akaniangalia. Nyayo zilikwenda mpaka karibu na geti. Zikasimama.

"Mama," binti akasema, "mbona baba amesimama?"

Sikujua. Labda amesahau kitu. Labda amegeuka, anatazama dirisha letu, anasubiri kuona kama pazia litatikisika. Nililishika kwa mikono miwili, limefungwa, likilowa. Sikuchungulia.